Msimu Hauletwi na Jua: Mji wa Nice Wakati wa Kipupwe

Miongoni mwa methali zinazonukuliwa sana katika mijadala ya utalii ni ile isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aghalabu hunukuliwa kwa haraka, kana kwamba maana yake imekwisha kukubaliwa na wote: mgeni huja na baraka, na mwenyeji hunufaika. Hata hivyo, methali hiyo haisemi mgeni aje lini. Biashara ya utalii ndiyo iliyojitwika jukumu la kulijibu swali hilo. Imempangia mgeni miezi ya kuja na miezi ya kutokuja. Ile ya kwanza ikaiita "msimu", na ile ya pili ikaiacha bila jina ila la kukanusha: nje ya msimu. Mji wa pwani usiokuwa katika msimu husemwa kuwa umelala, umefungwa, au hata umekufa. Watu wanaoishi humo mwaka mzima hawaulizwi iwapo wao pia wamekufa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hautokani na jua wala bahari, bali ni zao la historia na biashara. Na kwamba anayeuzuru mji mashuhuri wa pwani nje ya msimu huenda akawa ndiye mgeni hasa aliyekusudiwa na methali. Mfano utakaotumika ni mji wa Nice, ambao jina lake hutamkwa "Nis", ulioko kusini-mashariki mwa Ufaransa katika ufuo wa Bahari ya Mediterania. Mji huu umeteuliwa kwa sababu moja kubwa: katika kipindi cha miaka mia moja hivi, msimu wake uligeuzwa juu chini, ilhali jua lake lilibaki lile lile.

Yafaa neno lenyewe litazamwe kwanza. Kiswahili kililipata neno "msimu" kutoka katika neno la Kiarabu mausim, lenye maana ya wakati maalumu unaorejea kila mwaka. Kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi, wakati huo ulikuwa ni wa pepo. Kaskazi ilipovuma, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, majahazi yaliteremka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kusi iliposhika zamu, yalirejea yalikotoka. Neno hilo hilo la Kiarabu, likipitia Kireno, ndilo lililowapa Waingereza neno monsoon. Msimu wa baharia, basi, uliamuliwa na upepo. Hapakuwa na tajiri wala sultani aliyeweza kuuhamisha hata kwa wiki moja. Je, msimu wa mtalii nao una nahodha gani? Historia ya Nice inalijibu swali hili bila ya kuficha.

Kwa watu wengi siku hizi, Nice ni mji wa kiangazi. Katika miezi ya Julai na Agosti, wakati joto la mchana hufika wastani wa nyuzi 27 au zaidi, ufuo wake wa mawe ya mviringo hufunikwa na mataulo na miavuli. Barabara mashuhuri ya Promenade des Anglais, inayoambaa na bahari kwa takriban kilomita saba, hujaa watembeaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Bei za vyumba hupanda. Katika vichochoro vyembamba vya mji wa kale, meza za mikahawa hutawala njia hadi mpita njia hulazimika kupita kwa kuomba radhi. Mgeni aliyefika wakati huo huondoka na picha nyingi, na katika nyingi ya picha hizo wamo wageni wenzake.

Mgeni huyo angerudi mwezi wa Januari, angedhani ameshushwa katika mji mwingine. Joto la mchana huwa wastani wa nyuzi 13, na usiku hushuka hadi tano au sita. Mwishoni mwa Desemba jua huchwa takriban saa kumi na moja jioni. Baadhi ya majukwaa ya mbao yaliyotandazwa ufuoni kwa ajili ya wageni huwa yameondolewa, na mawe ya ufuo husikika yakisagana wimbi linaporudi baharini, sauti ambayo wakati wa kiangazi humezwa na kelele za watu. Kwenye viti vya rangi ya buluu vilivyopangwa kando ya barabara hiyo ya pwani huketi wazee wa mji, wamejifunga skafu shingoni, nyuso zao wamezielekeza juani. Siku ambayo anga i safi, mtu aliyepanda kilima cha Château huweza kuona bahari upande mmoja na theluji ya Milima ya Alps upande wa pili. Kilima hicho kiliwahi kubeba ngome, lakini mfalme Louis wa Kumi na Nne aliamuru ibomolewe mwaka 1706. Kiangazi, ukungu wa joto mara nyingi huificha milima hiyo, nayo theluji huwa imekwisha kuyeyuka kwa sehemu kubwa.

Sokoni Cours Saleya, wauzaji wa maua na mboga hupata wasaa wa kuzungumza na wateja wao. Huu ndio wakati wa malimau na machungwa, na kuanzia Januari hadi Machi maua ya manjano ya mimosa hujaza meza. Katika maduka madogo ya mji wa kale huokwa socca, chapati pana ya unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, ambayo hupikwa katika sinia kubwa la shaba ndani ya tanuri la kuni na kunyunyiziwa pilipili manga. Unga huo ndio ule ule unaotumiwa kukaangia bajia za viazi katika pwani ya Kenya. Chakula hiki cha watu wa kazi hupendeza zaidi kikiliwa cha moto huku vidole vikiwa baridi, na ni vigumu kukifurahia ipasavyo katika jua kali la Agosti.

Hadi hapo, msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya ladha tu: mmoja hupenda joto, mwingine hupenda utulivu. Lakini jambo lenyewe ni zito kuliko ladha, kwani mji wa Nice kama ujulikanavyo leo ulijengwa na wageni wa kipupwe na kwa ajili ya kipupwe. Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Msimu wa Nice ni chombo kilichoundwa, na waundaji wake wanajulikana.

Katika karne ya 18, matajiri wa Uingereza walianza kuikimbia baridi ya kwao na kuifuata hewa ya pwani hiyo, ambayo wakati huo haikuwa sehemu ya Ufaransa. Daktari na mwandishi Tobias Smollett alikaa huko kati ya mwaka 1763 na 1765, na kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1766 kiliieneza sifa ya hali ya hewa ya Nice. Waliomfuata walifika majira ya vuli na kuondoka majira ya kuchipua. Wafaransa waliwapa jina hivernants, yaani watu wa kipupwe. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa mapafu, kwa sababu matabibu wa enzi hizo waliamini kwamba hewa ya bahari na jua la Januari vingewaponya. Kiangazi kilipoanza, hoteli zilifunga milango. Hapakuwa na mwungwana aliyetaka kuonekana Nice mwezi wa Julai. Joto lilihesabiwa kuwa adui wa afya, na ngozi iliyochomwa na jua ilikuwa alama ya mtu wa jembe.

Barabara ya Promenade des Anglais yenyewe ni ushahidi wa kipupwe. Katika miaka ya mwanzo ya 1820, baada ya kipupwe kikali kilichowaacha maskini wengi bila riziki, kasisi wa Kiingereza aitwaye Lewis Way alichangisha fedha miongoni mwa wageni wenzake ili wenyeji waajiriwe kujenga njia ya miguu kando ya bahari. Wenyeji waliiita njia hiyo "njia ya Waingereza" kwa lugha yao wenyewe, na jina likadumu hata baada ya Nice kukabidhiwa Ufaransa mwaka 1860. Reli ilipofika mwaka 1864, wageni wakaongezeka maradufu, nao hawakuwa Waingereza peke yao. Warusi walikuja na jamaa ya kifalme. Kanisa lao kuu la Mtakatifu Nikolai, lenye kuba za rangi nyingi, lilifunguliwa mwaka 1912 na lingali linasimama. Malkia Victoria alikuja na msafara wake katika miaka ya 1890, akakaa katika kitongoji cha Cimiez. Mitende, mikaratusi na mimosa inayoshangiliwa leo kana kwamba iliumbwa na pwani hiyo ililetwa kutoka mbali katika karne hiyo ya 19, ili mgeni aliyetoka kwenye ukungu wa London au theluji ya Urusi apate kitu cha kijani cha kutazama.

Watu wa fikra na kalamu nao hawakukosa. Mwanafalsafa wa Kijerumani Friedrich Nietzsche alipisha vipupwe kadhaa huko kati ya mwaka 1883 na 1888. Anton Chekhov, daktari na mwandishi wa Kirusi aliyekuwa akiugua kifua kikuu, alikaa huko kipupwe cha 1897 hadi 1898, kisha akarejea kipupwe cha 1900 hadi 1901 akiwa na tamthilia yake Dada Watatu mikononi. Si wote waliokuja kupona waliopona. Henry Francis Lyte, kasisi aliyeandika maneno ya wimbo wa kanisani Abide with Me, ambao huimbwa hadi leo katika makanisa mengi ya Kenya kwenye mazishi, alifariki Nice mwezi wa Novemba 1847 na kuzikwa huko. Wimbo huo unaowaliwaza wafiwa wa Machakos na Kisumu, basi, ni wa mtu aliyekwenda Nice kutafuta kipupwe cha huruma.

Ni lini basi msimu ulipogeuka? Vita Vikuu vya 1914 na mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 viliwaondoa wengi wa wageni wa zamani. Mwaka 1923, Wamarekani wawili matajiri, Gerald na Sara Murphy, walimshawishi mwenye hoteli moja huko Antibes, karibu na Nice, asiifunge hoteli yake wakati wa kiangazi. Mtindo wa kuota jua na kuoga baharini ukashika kasi. Mwaka 1936, serikali ya Ufaransa ilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi likizo ya majuma mawili yenye malipo, na familia ambazo hazijawahi kuiona bahari zikapanda treni kuelekea kusini. Likizo hizo zilichukuliwa kiangazi, wakati shule na viwanda vilipofungwa. Mambo yakapinduka: wakati uliokuwa wa kufunga milango ukawa wa kufungua, na wakati uliokuwa wa sherehe ukawa wa kufunga. Jua halikuhusika katika mageuzi hayo. Yaliyohusika ni kalenda ya shule, sheria ya kazi, mtindo wa mavazi, na hesabu za wenye hoteli.

Haya si masimulizi ya kuburudisha tu. Mwaka 2021, UNESCO iliuingiza mji wa Nice katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kilichotambuliwa ni mji wa mapumziko ya kipupwe. Kwa maneno mengine, urithi ambao dunia imeombwa kuulinda ni ule ambao watalii wengi hawafiki kuuona katika wakati wake. Wanautazama mji uliojengwa uelekee jua la Januari huku wakitafuta kivuli cha kuwakinga na jua la Agosti.

Kosa hili lina gharama, na wanaoilipa kwanza ni wenyeji. Mji unaopokea umati wote kwa miezi miwili au mitatu hulazimika kujipanga kwa kipimo cha miezi hiyo: nyumba za familia hugeuzwa kuwa vyumba vya kulaza wageni wa siku tatu, na duka la mshona viatu hugeuka kuwa duka la sumaku za kubandika kwenye jokofu. Mfano wa Venice, mji mwingine wa bahari hiyo, unatisha. Mwaka 1951, kisiwa chake cha kihistoria kilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Kufikia mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya 50,000. Mwezi wa Aprili 2024 mji huo ulianza kuwatoza ada ya euro tano wageni wa kutwa katika siku zilizoteuliwa za msongamano. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, waandamanaji jijini Barcelona waliwarushia watalii maji kwa bastola za plastiki. Pale ambapo mwenyeji amefika hatua ya kumrushia mgeni maji, methali imekwisha kuvunjika. Mgeni amekuja, na mwenyeji hajapona.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kuna hasara nyingine isiyoonekana katika vitabu vya hesabu. Nice una lugha yake, Nissart, ambayo ni ya jamii ya lugha za Kioksitani. Mji wenyewe kwa lugha hiyo huitwa Nissa. Majina ya mitaa katika mji wa kale yameandikwa kwa Kifaransa na kwa Nissart, lakini wasemaji wake walio hai wengi ni wazee, na lugha yenyewe iko hatarini. Mgeni wa Agosti huweza kukaa wiki nzima asijue kwamba ipo, kwa kuwa lugha ya barabarani wakati huo huwa ni Kiingereza cha mikahawa: bei, bili, asante. Mgeni wa Januari ana nafasi bora zaidi. Muuza mboga asiye na foleni mbele yake anaweza kuulizwa maana ya neno lililo ukutani, naye anaweza kujibu. Haidaiwi hapa kwamba mgeni mmoja mwenye udadisi ataiokoa lugha. Inadaiwa tu kwamba lugha haiwezi kuheshimiwa na mtu asiyejua kuwa ipo, na kwamba kipupwe humpa mgeni nafasi ya kujua.

Wapo watakaopinga rai hii, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza watasema kwamba kipupwe ni kipupwe: mvua hunyesha, upepo huuma, na bahari ya nyuzi 13 haiogeleki na kila mtu. Ni kweli. Mchoraji Henri Matisse alipofika Nice mwezi wa Desemba 1917, alikuta mvua iliyonyesha siku baada ya siku hadi akakaribia kufunga mizigo. Kisha anga likafunguka, akauona mwanga aliokuwa akiutafuta. Alikaa, akarejea mwaka baada ya mwaka, na ni Nice alikofia mwaka 1954. Kisa hicho hakithibitishi kwamba mvua ya Nice ni njema. Kinathibitisha kwamba mgeni anayempa mwenyeji siku chache tu, na kudai kila siku iwe ya jua, hajampa nafasi ya kujionyesha.

Wa pili watasema kwamba mwenyeji anahitaji kupumzika. Mwenye mkahawa aliyefunga duka Januari hakufa. Amekwenda kuwaona wazazi, au analala. Kumletea wageni miezi yote kumi na miwili ni kumnyang'anya mapumziko yake pekee. Hoja hii ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote. Ikiwa rai ya kuzuru nje ya msimu itageuzwa kuwa mbinu ya kuongeza umati wa kipupwe juu ya umati wa kiangazi bila ya kupunguza kitu, basi ni afadhali isitolewe kabisa. Tayari kuna onyo: wakati wa Kanivali ya Nice, ambayo kwa sura yake ya sasa ilianza mwaka 1873 na hufanyika mwezi wa Februari, mji hujaa kwa majuma mawili hivi karibu kama ujaavyo kiangazi. Kinachopendekezwa si kuongeza bali kuhamisha: mgeni yule yule mmoja aondoke katika foleni ya Agosti, aende Januari au Novemba, akubali kukuta baadhi ya milango imefungwa na asiibishe.

Wa tatu ni wale wanaoangalia ajira. Katika miji ya msimu, wapishi, wahudumu, watandika vitanda na walinzi wa ufuo huajiriwa kwa mikataba ya miezi michache, kisha huachiliwa. Hao hawapumziki kipupwe, wanahangaika. Kwao, wageni wachache waliosambazwa katika mwaka ni bora kuliko umati wa miezi miwili, kwa sababu kazi ndogo ya kudumu hulisha nyumba vizuri kuliko kazi kubwa ya muda. Lewis Way aliyetafuta fedha za kuwaajiri maskini wa kipupwe chake alilitambua tatizo hilo karne mbili zilizopita.

Jambo hili halihitaji kuelezwa kwa kirefu kwa msomaji wa Kenya, kwa kuwa liko mlangoni pake. Baridi ile ile inayowapunguza wageni wa Nice huwaleta Wazungu, hasa Waitaliano, Malindi na Watamu kuanzia Desemba hadi Machi. Masika yanapoingia, kati ya Aprili na Juni, baadhi ya hoteli za pwani hufunga milango, na wafanyakazi wengi hurejea makwao wakingoja kuitwa. Husemwa kwamba pwani "imefungwa". Lakini Mji wa Kale wa Mombasa haufungwi na mvua, wala Lamu. Misikiti huadhinia, mahamri hukaangwa, na Kiswahili husemwa barazani kwa utulivu ambao mwanafunzi wa fasihi simulizi angetamani kuukuta. Kwa mujibu wa kalenda ya utalii, wakati huo si kitu. Kwa mujibu wa lugha yenyewe, wakati huo una jina tukufu, masika, nalo halikungoja kupewa idhini na wakala wa safari. Msamiati wa Waswahili haukuwahi kuwa na "nje ya msimu". Ulikuwa na masika, vuli, kipupwe na kiangazi, kila kimoja na kazi yake, chakula chake na maradhi yake.

Yaliyosemwa kuhusu Nice, basi, yana funzo kwa pande zote mbili. Kwa mgeni, funzo ni kwamba mji hauwezi kujulikana kwa kuonekana siku ulipovaa nguo za kupokelea wageni pekee. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nao mji pia hutambua nani amekuja kuuona na nani amekuja kuonekana ndani yake. Kwa mwenyeji na kwa wapangaji wa utalii, funzo ni kwamba kilichoundwa na watu chaweza kuundwa upya na watu. Msimu wa Nice uligeuzwa na treni, sheria ya likizo na uamuzi wa wenye hoteli. Hakuna amri ya mbinguni inayozuia usigeuzwe tena, au usisambazwe ili uzito wake usimwangukie mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Methali ya mwanzo yaweza sasa kurejelewa. Katika Nice ya karne ya 19, aliyetafuta kupona alikuwa ni mgeni: alikuja akikohoa, akitumaini kwamba jua la Januari la watu wengine lingemtengeneza. Katika Nice ya leo, na katika miji mingi ya aina yake, mgonjwa ni mwenyeji, na ugonjwa wake ni wingi wa wageni waliokuja wote siku moja. Mgeni anayekuja kipupwe, akanunua malimau kwa muuzaji mwenye nafasi ya kumjibu, akala socca akiwa amesimama mlangoni na kuacha kiti cha buluu kwa mzee mwenye kiti chake, hatatibu kila kitu. Lakini angalau hataongeza maradhi.

Kila siku saa sita mchana, mlipuko mkubwa husikika kutoka kilima cha Château. Inasimuliwa kwamba desturi hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1860 na mgeni mmoja wa Kiskoti aliyekaa Nice kipupwe, aliyetaka kumkumbusha mkewe kwamba wakati wa chakula umefika. Mji ukaipenda, ukaifanya yake. Mlipuko huo hulia Agosti kama unavyolia Januari. Agosti, wageni hushtuka na kuulizana kumetokea nini. Januari, watu hutazama saa zao, hufunga maduka, huenda kula.